Risasi za Nyumbani kwa Mseti

Mseti alikuwa anakimbia. Alikuwa anakimbia kwenye korido ndefu ya chuma, bunduki mkononi, taa nyekundu zikiwaka na kuzimika, na nyuma yake wadudu wa chuma wenye macho ya kijani walikuwa wakitema moto. Aliruka shimo, akajiviringisha, akasimama, akageuka na kuwamiminia risasi. Yote hayo aliyafanya akiwa amelala chali kitandani, mto nyuma ya shingo, tableti ameiegemeza kifuani. Miguu yake chini ya blanketi haikushiriki hata kidogo. Haikuwa imeshiriki jambo lolote tangu kifusi cha duara, shimo la kuchimbia dhahabu kule Nyakunguru, kilipomwangukia kiunoni.

Tableti aliletewa na mdogo wake, Deus, kutoka duka moja la vitu vilivyotumika pale Bomani, ili atazame mahubiri. Mahubiri aliyatazama mpaka akachoka, kisha akaugundua mchezo uliokuwa umeachwa humo na mwenye tableti wa kwanza. Askari mmoja amebaki peke yake kwenye kituo kilichojengwa juu ya sayari nyekundu. Wenzake wamekufa. Raia wamejifungia ghalani wakimsubiri awafikie kabla wadudu hawajawafikia. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kushinda kutwa kwenye mchezo kama huo ni jambo la kuchekwa, na Mseti alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Alicheza mlango ukiwa umefungwa. Mgeni akibisha, tableti iliingia chini ya mto na Biblia ikatoka. Lakini jamani, tusimcheke upesi. Hapakuwa na mahali pengine popote ambapo mtu alikuwa bado anamhitaji akimbie.

Kijijini walikuwa wameshamwacha. Pale Genkuru yowe likipigwa, kila mwanamume hutoka na alichonacho mkononi. Asiyetoka hutozwa na wazee. Anayepiga yowe la uongo hutozwa zaidi, maana watu huweza kufa kwa ajili ya yowe. Baada ya ajali wazee walikaa wakasema, kwa huruma kabisa, kwamba Mseti sasa ahesabiwe pamoja na akina mama na watoto, asisumbuliwe na mtu. Walidhani wamemtendea wema. Tangu siku hiyo hakuna aliyemjia kumwomba mchango wa ulinzi wala kumuuliza anaonaje jambo lolote, na yeye hakutoka tena nje ya ua wake.

Mchana ule nyumba ilikuwa tupu. Boke, mkewe, alikuwa gulioni na beseni lake la maandazi. Precious, binti yao, alikuwa shuleni. Deus alikuwa amepeleka abiria kwa pikipiki, na kabla hajaondoka alikuwa ameacha chumbani kwa kaka yake spika kubwa ya kwaya ya vijana, ile isiyo na waya, ipate chaji ya sola. Jana yake aliiunganisha na tableti ili Mseti asikilize mapambio.

Mseti aliitazama spika. Akautazama mlango. Askari wake alikuwa amefika kwenye lango la mwisho, lile ambalo kila siku alifia hapo. Akasema moyoni, leo na nisikie inavyokuwa, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Chumba kilitikisika. Bunduki ilipiga na mabati ya paa yakaitikia, king'ora cha kituo kikalia, mabomu yakapasuka moja juu ya jingine, na Mseti akazisikia risasi zake mwenyewe kwenye mbavu. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu sana. Alipita lango. Aliwafyeka wadudu kulia na kushoto huku akicheka peke yake, jasho likimtoka, na raia wale ghalani wakaanza kufungua makomeo. Hapo ndipo aliposikia sauti nyingine, ambayo haikutoka kwenye mchezo.

Ilikuwa yowe. Lilianzia karibu sana, kama nyuma ya nyumba, likakatika, likaanza tena. Boma la pili likalipokea, la tatu likalipeleka mbele, na punde kilima kizima kikawa kinalia. Mseti alizima mchezo. Na mwili wake, kwa mazoea ya miaka, ukataka kuinuka uchukue panga nyuma ya mlango. Alijisukuma kwa viwiko mpaka ukingoni mwa kitanda, akaanguka sakafuni kifudifudi.

Hivyo ndivyo bibi Wegesa alivyomkuta. Alikuwa mjane wa jirani, mzee mwenye maungo makavu, jembe bado begani, na alikuwa amekimbia kutoka shambani kwake bila viatu.

"Mseti! Mseti, tata, baba yangu, uko hai?"

"Niko hai, bibi."

"Wamekuvuta kitandani? Wamekuumiza wapi?" Alipiga magoti akaanza kumpapasa mgongoni. "Nimesikia risasi humu humu kwako. Nikasema, leo wanamuulia mtoto wa watu kitandani kama kuku. Ndipo nikapiga yowe. Mtamba wenu yupo?"

Hakusubiri jibu, alichungulia zizini mwenyewe. "Yupo. Asante Mungu. Basi waliposikia yowe wamekimbia. Wamepitia wapi?"

Ndipo Mseti alipoelewa. Aliitazama ile spika pale kona, nyeusi, kimya, taa yake ndogo ya buluu ikiwaka. Kama angesema wakati huo huo, huenda jambo lingeishia kwenye matusi mawili matatu na kicheko cha mwezi mzima. Lakini alikuwa sakafuni, kaptula imemshuka, na bibi wa watu alikuwa analia kwa ajili yake.

"Sikuwaona," alisema. "Nimesikia tu."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyokuwa uongo wake wote, na yalitosha. Kwa maana yowe la mifugo likilia pande hizi, wanaume hawakimbilii nyumba iliyovamiwa. Wakifika huko mwizi keshapita. Wanakimbilia njia ya kutokea, wanakwenda kuziba kivuko cha mto kabla ng'ombe hawajavushwa upande wa Serengeti. Wakati bibi Wegesa anamrudisha Mseti kitandani kwa kumkokota makwapani, wanaume wa Genkuru walikuwa bado wanakimbilia kivukoni. Na kivukoni walimkuta mtu mgeni, kanzu ameipandisha kiunoni, anaswaga ng'ombe wawili majini.

*

"Anaitwa Hamidu," Deus alisema jioni. Alikuwa amesimama mlangoni, hataki kukaa. "Mfanyabiashara wa Mugumu. Ng'ombe kawanunua mnadani kwa halali, na kibali anacho. Alikuwa anakitoa mfukoni awaonyeshe, wakadhani anatoa silaha."

"Amekufa?" Mseti aliuliza.

"Hajafa. Mkono umevunjika, na sikio hili limechanika. Waitara, yule wa rika lako, ndiye alianza kumpiga. Sasa Waitara kajifungia ndani, hata chai hataki." Deus alifuta uso kwa kofia. "Wamemkimbiza hospitali. Wazee wamembembeleza asiende polisi kwanza, wayamalize kwenye baraza la ritongo. Kasema sawa, lakini anataka aambiwe kwa nini alipigwa. Na wazee wamezunguka kutwa, hawajaona unyayo wa mwizi wala ganda la risasi. Ng'ombe wa kijiji wote wapo. Kwa hiyo lile yowe lilikuwa la bure."

"Watamtoza bibi Wegesa?"

"Nani mwingine? Yeye ndiye kalipiga. Ng'ombe mmoja amlipe yule mtu. Asipotoa anatengwa."

Boke alikuwa anapakua ugali. Mkono wake ulisimama hewani, kisha ukaendelea. Kutengwa si jambo la mchezo pale kijijini. Aliyetengwa haazimwi moto wala jembe, akiugua haulizwi hali, akifa wanawe huchimba kaburi peke yao. Bibi Wegesa hakuwa hata na wana wa kuchimba. Alikuwa na mbuzi wachache na kuku, basi.

Deus alipokwenda zake na mtoto alipokuwa ameinamia sahani yake kule jikoni, Mseti alimwambia mkewe. Alimwambia yote, ameangalia mabati ya paa, kama mtu anayesoma kilichoandikwa juu huko. Boke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivuta tableti kutoka chini ya mto akaishika kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyoshika panya aliyekufa.

"Hiki?"

"Hicho."

"Mtu wa watu amevunjwa mkono kwa sababu ya hiki?"

Boke aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwa mwanamke wa kelele. Hasira yake ilikuwa ya kushusha sauti, na ilipokuwa kubwa sana alikuwa karibu kunong'ona.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi libaki hapo."

"Boke, yule bibi..."

"Yule bibi namjua kuliko wewe! Ulipokuwa hospitali nani alikuwa analala na Precious? Nani alikuwa ananiletea uji? Usinifundishe mimi habari za bibi Wegesa." Aliitupa tableti kitandani. "Lakini ukisema, watauliza ng'ombe wako wapi. Na huna ng'ombe, Mseti. Ng'ombe ni wangu. Yule mtamba nimemnunua akiwa ndama mgonjwa ambaye kila mtu alisema atakufa. Nimemkatia majani na kumpakata usiku kama mtoto. Mwezi ujao anazaa. Nimeshamwambia Precious ataanza kunywa maziwa kabla ya kwenda shule. Sasa nikamwambie nini? Baba yako alikuwa anapigana na wadudu?"

Mseti alifumba macho. Hilo la wadudu lilimchoma kuliko la ng'ombe, na Boke aliona limemchoma, akajuta, lakini hakulirudisha.

"Na watakucheka," alisema baadaye, sauti sasa ikiwa na huruma ndani yake. "Mimi wananicheka kila siku gulioni, nimezoea. Wanauliza mume wangu anashinda akifanya nini ndani, nasema anasoma Neno. Ukienda kusema hili, watalitungia wimbo."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alichukua muda kutafuta maneno, na alipoyapata hayakuwa mazuri sana. "Kwa sababu alipiga yowe kwa ajili yangu mimi. Kijiji kizima, Boke, hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba humu ndani kuna mtu wa kuuawa."

Boke alisimama, akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili.

*

Ritongo lilikaa kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la pamba lililoachwa. Wazee walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, wanaume nyuma yao kwa marika, wanawake mbali kidogo upande wa ukuta. Mbele, peke yake juu ya kigoda, alikuwa bibi Wegesa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na alikaa wima, akijaribu kutomtazama mtu usoni.

Njia ya kufika uwanjani ni ya mawe na kiti cha magurudumu hakipiti. Mseti aliletwa kwa pikipiki. Kwa kuwa kiuno chake hakishiki, Boke alimfunga mgongoni kwa Deus kwa kanga mbili, moja kifuani na moja kiunoni, akakaza mafundo. Hakuwa amesema ndiyo wala hapana tangu ile jioni. Watoto walipoiona pikipiki inapanda na mtu mzima mwenye ndevu amebebwa mgongoni kama kichanga, walikimbia nyuma yake wakishangilia, na mmoja akamwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. Wanaume waliangalia pembeni. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona tangu ajali, na wengine waliona aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza.

"Shikamooni wazee," Mseti alisema kutoka mgongoni kwa mdogo wake.

"Marahaba, mura, kijana wetu," alijibu mzee Nyamhanga, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, mtu mnene wa sauti ya taratibu. "Umekuja kumtetea jirani yako? Umefanya vizuri. Lakini wewe ulishasema hukuwaona."

"Sikuwaona kwa sababu hawakuwepo. Zile risasi nilipiga mimi."

Mzee Nyamhanga alimwangalia kwa upole wa kumwangalia mgonjwa. "Una bunduki, Mseti?"

"Sina, mzee. Deus, nifungue."

Walimkalisha chini, mgongo kwenye tairi la pikipiki. Deus alishusha ile spika ya kwaya, uso wake umeiva kwa fedheha, maana hakutegemea ifanye kazi ya namna hii. Mseti aliwasha tableti. Alikosea mara mbili. Kisha korido ya chuma ikatokea, na bunduki ikalia.

Watu wa nyuma walilala chini. Mzee mmoja alianguka na kiti chake. Bibi Wegesa aliruka kutoka kwenye kigoda akapiga yowe tena, lile lile, kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili na kubaki amesimama hivyo, macho yakiwa yamemtoka.

"Ni hizo!" alisema kupitia vidole. "Ni hizo hizo, wazee! Sikuwa mwongo!"

Kwa muda mfupi, niseme ukweli, kikao kilisahau kilichokileta. Wazee waliinuka wakaja kumzunguka Mseti, wakainama juu ya kile kioo kidogo, na yule aliyeanguka na kiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

"Hao wadudu ni wa nani?"

"Hawana mwenyewe, mzee. Wanatoka nyota nyingine."

"Wameiba nini?"

"Hawajaiba. Wanataka kuchukua ile sayari."

"Yaani shamba."

"Kama shamba, mzee."

"Na hao watu waliojifungia ni wa ukoo wako?" aliuliza mwingine.

"Hapana. Ni watu tu."

"Ndio uwafie peke yako? Kwa nini hapigi yowe huyo askari wako?"

"Hakuna wa kulisikia," Mseti alisema. "Wenzake wote walikufa."

Wazee waliguna. Jibu hilo waliliona la huzuni kweli. Lakini upande wa vijana kicheko kilikuwa kimeanza, kwanza cha chini, kisha kikapasuka, na mmoja akapaza sauti: "Askari wa kitandani!" Uwanja mzima ukacheka. Boke, kule ukutani, aliinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea kidogo ili wamwone vizuri zaidi.

Hamidu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti alichopewa cha wageni, mkono kwenye plasta, bandeji imezunguka kichwa chini ya kofia yake ya kufuma. Alisubiri wamalize.

"Samahani wazee wangu," alisema. "Mimi nielewesheni. Nimepigwa na hawa vijana, namshukuru Mungu niko hai. Usiku mke wangu kaniuliza kwa simu umepigwa kwa kosa gani, nikasema sijui, nitaambiwa. Sasa nikarudi Mugumu nimwambie nimepigwa kwa sababu ya mchezo?"

Kicheko kilikatika. Mseti aligeuza kiwiliwili chake kwa mikono mpaka akamwelekea yule mtu.

"Mwambie umepigwa kwa sababu yangu," alisema. "Mimi ndiye nilipiga zile risasi. Na bibi aliponiuliza nikaficha. Kama ningesema, wangetuma mtu kivukoni akawazuia. Nilikuwa naona aibu. Hiyo ndiyo sababu. Naomba unisamehe."

Hamidu alimtazama kwa muda, akatazama ile miguu iliyokuwa imekunjamana chini yake kama nguo. Hakusema amesamehe. Alitikisa kichwa tu, polepole, na ilionekana wazi kwamba hasira aliyokuja nayo ilikuwa imekosa mahali pa kutua.

Wazee walikwenda pembeni wakashauriana. Waliporudi, mzee Nyamhanga alisimama.

"Tumesikia. Mseti amesema kweli na tunamshukuru. Lakini ritongo halitozi mtu ambaye halimhesabu. Mseti tulimtoa kwenye hesabu ya wanaume, kwa wema, kwa sababu ya hali yake. Mtoto akichezea moto nyumba ikaungua, hatumtozi mtoto. Kwa hiyo yeye arudi nyumbani akapumzike, asicheze tena na hiyo spika. Yowe lilipigwa na Wegesa, na kwa kanuni Wegesa ndiye atakayetoa ng'ombe. Vijana watamchangia mbuzi mmoja mmoja, wanaoweza."

Bibi Wegesa alikaa tena kwenye kigoda chake, taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua.

"Nitozeni mimi," Mseti alisema.

"Mura, tumeshamaliza."

"Hamjamaliza!" Sauti yake ilipasuka. Hata Deus alishtuka. "Mimi si mtoto, mzee Nyamhanga. Nimetahiriwa pamoja na hawa waliokaa hapo. Nilikuwa nakimbia mbele yao. Mlinitoa bila kuniita, mlikaa mkaniamulia nikiwa hospitali, na mimi nikanyamaza kwa sababu niliona mna haki, mtu asiyeweza kusimama wa nini. Lakini kosa nimeweza kulifanya. Kosa la mtu mzima, la kumvunja mtu mkono. Sasa hata kosa langu mnalichukua mnampa bibi kizee?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nitozeni. Nawaomba. Nitozeni kama mnavyotoza wanaume."

Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mtu akiliomba ritongo limtoze. Mzee Nyamhanga alikuna shingo. Kwa uzoefu wake wote, watu walikuja pale kukwepa. Aliwageukia wanaume waliokuwa wamekaa kwa marika.

"Hesabu ya mwanamume iko kwa rika lake," alisema. "Sisi wazee tukimrudisha peke yetu haitoshi. Nani wa rika la Mseti atasema huyu ni wetu?"

Wa rika lake waliangalia vidole vya miguu. Kumkubali kulikuwa na gharama, maana aliyehesabiwa hubebwa na wenzake kwenye msiba, hubebwa kwenye ulinzi, na huyu angebebwa kweli kweli, mgongoni. Mwishowe akasimama Waitara. Siku mbili hizi alikuwa amekonda uso. Hakumtazama Mseti, alimtazama Hamidu.

"Ni wetu," alisema. "Na mimi nitozeni pamoja naye. Mkono niliuvunja mimi."

Mmoja akasema, "Ni wetu." Halafu mwingine. Hawakuwa wengi, na wawili watatu walikaa kimya mpaka mwisho, lakini walitosha.

"Haya," alisema mzee Nyamhanga. "Waitara atatoa gharama za hospitali. Mseti atatoa ng'ombe. Wegesa hana deni. Mseti, ng'ombe yuko wapi?"

Mseti alikuwa ameomba atozwe kwa moyo wote, na katika kuomba huko alikuwa amesahau zizi ni la nani. Aligeuza shingo kuelekea ukutani kwenye wanawake. Mzee alifuata macho yake.

"Boke," alisema mzee. "Kwenye boma lenu kuna mtamba. Tumesikia kwamba ulimnunua wewe, kwa maandazi yako. Ritongo halichukui mali ya mwanamke kwa deni la mumewe kama mwenyewe hajakubali. Sema mbele ya watu. Yule ng'ombe ni wa nani?"

Boke alinyanyua kichwa. Angeweza kusema neno moja tu, la kweli, na jambo likaishia hapo. Mtamba angebaki, Mseti angerudi kitandani, na hakuna mtu uwanjani ambaye angemlaumu. Alimtazama mumewe pale chini, mgongo kwenye tairi, vumbi usoni limelowa machozi, kanga zake mbili zimemzunguka mabegani. Moyo ulimuuma kwa hasira na kwa mapenzi pia, na hakujua kipi kimezidi.

"Ni wa mume wangu," alisema.

*

Walikuja kumchukua mtamba asubuhi, vijana wa rika, na Hamidu mwenyewe akiwa nao. Precious alilia akamshika mnyama mkia, ikabidi Deus amnyanyue. Boke hakutoka nje. Alikuwa ndani anakanda unga wa maandazi, anaukanda kwa ngumi, na Mseti kutoka kitandani alisikia kila ngumi.

"Boke," aliita.

"Usiniite sasa hivi."

"Sawa."

Baadaye kidogo Waitara alichungulia mlangoni, kofia mkononi, akauliza kama Mseti yuko tayari. Kulikuwa na kikao cha rika cha kupanga zamu za kivukoni, na wameambiwa waje wote, na Deus ameshaondoka na pikipiki, kwa hiyo yeye ndiye atakayembeba. Mseti alivaa shati. Boke akaacha unga, akaja kumfunga kanga mgongoni kwa Waitara. Alifunga fundo la mwisho kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, na Mseti alisema "aa", lakini hakulalamika.

Jua lilipopanda, Boke alichukua ndoo akaenda kwenye kisima cha bomba. Wanawake walikuwepo wengi siku hiyo, zaidi ya kawaida, na walimpisha kwenye foleni jinsi watu wanavyompisha mtu wanayetaka kumuuliza jambo. Mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa kati ya wale waliokaa kimya uwanjani, ndiye aliyeanza.

"Pole mama Precious. Nasikia ng'ombe kaondoka."

"Ameondoka."

"Kwa mchezo tu, jamani! Kwa hiyo ni kweli mzee wenu ametozwa?"

Wengine waliacha kuteka maji. Boke aliweka ndoo chini ya bomba, akasubiri ijae, akajitwisha. Macho yake yalikuwa mekundu na kila mtu aliyaona.

"Ametozwa," alisema. "Ng'ombe mzima. Wa kwako walimtoza nini?"